Nchi Iliyokosa Neno la Kumfungulia Mtu

Nilifikaje Tawamba, hilo tuliache. Mwenye hamu ya habari za njia akamuulize utingo. Mimi nitasimulia niliyoyakuta.

Ila nieleze kilichonipeleka. Kwa miaka mingi nimekula mkate wangu kwenye vibanda vya video, nikiwatafsiria watu sinema za Kichina, za Kihindi na za mataifa ambayo hata kwenye ramani siwezi kuyaonyesha. Katika lugha hizo zote sikuijua hata moja. Nilikuwa natazama jicho la mtu na mdomo wake, kisha nasema kile ambacho angesema kama angekuwa jirani yangu. Nimewahi kurushiwa viti. Nimewahi kunyang'anywa kipaza sauti na mlevi, na mlevi akashangiliwa kuliko mimi. Siku moja Mchina halisi aliingia kibandani, akakaa mpaka mwisho wa sinema, akanipa mkono akaondoka kimya. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananipongeza au ananipa pole.

Sifa zangu zilifika Tawamba zikiwa zimekolezwa chumvi: ati yuko bwana mmoja anayeelewa kila lugha ya dunia hii. Serikali ya huko ikaniita nikashike cheo cha Msifiaji wa Kigeni.

Aliyenipokea ni Mheshimiwa Shambiro, Mwenyekiti wa Baraza la Maneno. Mama wa makamo, suti ya kijivu kama mtumishi yeyote wa ofisini, ila mabegani alikuwa amefungwa mapande ya chuma na mgongoni ngozi ya mnyama mwenye manyoya mazito, kwenye joto ambalo hata mjusi alikuwa ameingia uvunguni. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Khorva den!" akaningurumia.

Nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Usiogope," akasema kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa. "Hiyo ndiyo habari za asubuhi. Maana yake ni 'upanga wangu una kiu.' Hatuna iliyo karibu zaidi."

"Na kazi yangu ni ipi, Mheshimiwa?"

"Kukaa kwenye kiti, kuisikiliza lugha yetu ya taifa, na kusema ni nzuri mno."

"Hata kama siielewi?"

"Hasa kama huielewi. Anayeielewa, sifa zake hazina uzito."

Nikaona nimepata kazi niliyozaliwa nayo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Watawamba walikuwa na lugha yao tangu zama na zama, lugha laini, jirani kabisa na hii ninayoiandikia, kiasi kwamba sikuhitaji mkalimani. Kisha televisheni yao ikatengeneza tamthilia ya wafalme wa kubuni, Damu ya Zarkhu, na ili wafalme wasisikike kama wauza nyanya, akaajiriwa bwana mmoja awatungie lugha yao peke yao. Tamthilia ikapendwa hadi ng'ambo. Wageni wakaja na kamera, wakawaambia wenyeji: "Lugha yenu nzuri mno!" Wenyeji wakatazamana. Tangu waumbwe hakuna mgeni aliyewahi kusifia chochote kilichotoka midomoni mwao. Mwaka haukuisha, Bunge likapitisha sheria: mahakama, hospitali, shule na ofisi zote zitumie Kizarkhu. Ile lugha ya tangu na tangu ikabatizwa "lugha ya jikoni," na huko jikoni ndiko ilikoamriwa ikae.

Sheria ya Kizarkhu ina vifungu viwili tu, na kila mtoto anavijua. Cha kwanza, neno haliwi neno mpaka mfalme wa tamthilia alitamke hewani, taifa zima likitazama. Cha pili, maana ya neno ni kile kilichoonekana kwenye picha lilipotamkwa. Si kile alichokusudia mtungaji wala mfalme. Picha.

Kwa hiyo siku moja mfalme alipopiga chafya kwa bahati mbaya, na nyuma yake farasi akajilaza chini, Baraza la Maneno liliketi na kuandika kwamba chafya ile ndiyo kitenzi cha kulala. Nilipelekwa kwenye shule moja nikasifie. Darasa zima lilikuwa limesimama likipiga chafya kwa pamoja, na mwalimu akipita katikati akimsahihisha huyu na yule. Pembeni alisimama mtoto aliyevishwa pembe ya bati shingoni. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kujisaidia kwa lugha ya jikoni.

"Angepaswa kusemaje?" nikamuuliza mwalimu.

Mwalimu akatazama dirishani, akaninong'oneza: "Sijui, bwana. Hata mimi hungoja mapumziko."

Hospitalini, mgonjwa wa kuhara humwambia daktari, "Lango la ngome limevunjwa na jeshi linatoka." Daktari hutikisa kichwa na kuandika dawa. Huyo ana nafuu, maana ngome imo katika tamthilia. Mwenye jino bovu hufungua tu kinywa akalia. Sokoni kabichi huitwa vichwa vya maadui, nami nilimsikia mama mmoja akiagiza vichwa vitatu, visiwe vimeoza, na watu wote wakampisha njia. Nikamuuliza karani wangu wa ofisi kama watu wanaelewana hivyo kweli.

"Kuelewana kila mtu anaweza," akanijibu kwa fahari. "Sisi tunatafuta hadhi."

Nilisifia. Ndiyo kazi iliyonipeleka. Nilisifia shuleni, hospitalini na sokoni, na jioni nikarudi nyumbani kwa Bi Tuneka, nilikopangiwa chumba.

Huyu Bi Tuneka alikuwa mpishi wa mgahawa ulioegemea ukuta wa studio, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili kichaa. Jikoni kwake palikuwa pahali halali pa kusema, na alikuwa akitumia uhalali huo wote.

"Haya, Msifiaji! Leo umesifia nini? Umesifia na mashimo ya barabarani?"

"Barabara sijapelekwa bado, Bi Tuneka."

"Utapelekwa. Ukiwaona wamekukalisha kwenye kiti katikati ya shimo, ujue ndiyo siku yake." Akawa anajaza chakula kwenye sufuria. "Chukua hilo sufuria. Leo unanisindikiza kwa mume wangu."

"Mumeo yuko wapi?"

"Gerezani."

"Pole sana, dada yangu. Alifanya nini?"

"Kwikwi."

Nikadhani ni jina la kosa katika Kizarkhu. Kumbe ni kwikwi hii hii. Mumewe, Songoro, fundi wa kuezeka mapaa, alipatwa na kwikwi uwanjani wakati watu wote wakitazama tamthilia, pale farasi wa mfalme anapokufa. Askari akaisikia kama kicheko. Kumcheka farasi wa mfalme ni uhaini.

"Baba yangu wee, huyu mtu kwikwi anazo tangu ujana!" akasema Bi Tuneka tukiwa njiani, kwa kunong'ona maana tulishatoka jikoni. "Siku ya ndoa aliulizwa kama amekubali, akaanza kwikwi katikati ya 'ndiyo.' Mwozeshaji akamuuliza, 'Bwana, unaoa wangapi?'"

"Na mahakama haikuelewa hilo?"

"Ilielewa. Jaji aliona hana hatia, tena siku nyingi sana zimepita."

"Sasa yuko gerezani kufanya nini?"

"Nenda ukamuulize jaji. Utamkuta huko huko."

Kweli tulimkuta. Gereza la Tawamba lina mlango uliofungwa kwa kamba ya katani, na ndani ya chumba Songoro na Jaji Kirumbi walikuwa wamekaa juu ya mkeka wakicheza bao, wakisema lugha ya jikoni maana hapakuwa na askari wa kuwasikia. Songoro, mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa ya fundi, alikuwa anashinda. Jaji alikuwa mtu mzima mpole, mapande yake ya chuma ameyavua na kuyaweka pembeni kama mtu aliyevua viatu.

"Hana hatia," Jaji akaniambia, macho yakiwa kwenye kete. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini hukumu lazima itamkwe kwa Kizarkhu, bwana Msifiaji. Katika tamthilia yote, kuna wafungwa waliochinjwa, kuna waliotoroka, kuna waliosahaulika wakaozea shimoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuachiwa. Mfalme hakuwahi kumwachia mtu. Kwa hiyo neno hilo hatuna."

"Si umfungulie tu kamba hiyo atoke, bila neno?"

Songoro akaangua kicheko. "Akitoka mtu bila neno, huyo ni mtoro. Neno la mtoro wanalo, ndugu yangu! Na picha iliyofuata ilikuwa kichwa kinabingirika ngazini. Mimi shingo yangu hii naipenda. Kula kete yako, Jaji, usijifanye una huzuni."

"Nina huzuni kweli."

"Una huzuni kwa sababu unafungwa bao."

Bi Tuneka hakucheka. Alimfunulia mumewe chakula, akasimama akimtazama anavyokula, kisha akanigeukia. "Mwisho wa mwezi huu tamthilia inafikia kikomo," akasema. "Kipindi cha mwisho. Baada ya hapo mfalme hatatamka tena, na lugha inafungwa kama kaburi. Neno lisipopatikana siku hiyo, halipatikani milele. Na huyu atabaki humu na bao lake mpaka azeeke."

Wakati huo ndipo nilipoelewa kwa nini nilipewa sufuria nibebe. Msifiaji wa Kigeni anaruhusiwa kuingia kila mahali.

Baraza la Maneno lilikuwa likikutana kugawana maneno ya kipindi cha mwisho. Milango ilifungwa, mapazia yakashushwa, na hapo hapo waheshimiwa wote wakaanza kusema lugha ya jikoni.

"Samahani," nikamnong'oneza Mwenyekiti Shambiro. "Hamjadiliani kwa Kizarkhu?"

"Haiwezekani. Kizarkhu hakina 'labda.' Tulijaribu kikao kimoja, tukatoka na majeruhi."

Waziri wa Vita, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuchokoza, alitaka maneno saba kwa aina saba za kutembea kijeshi. Waziri wa Sherehe alitaka neno la zulia jekundu, na jingine la zulia jekundu likishakunjwa. Waziri wa Afya, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliomba neno la homa.

"Homa si 'moto wa ngome'?" akauliza Waziri wa Vita.

"Mwezi uliopita muuguzi alilisikia hilo akaita zimamoto, Mheshimiwa. Wodi nzima ikaloweshwa maji."

"Si homa ilishuka?"

Wakacheka, na homa ikanyimwa. Jaji Kirumbi alipoinuka kuomba neno lake, hata hawakusubiri amalize.

"Kwa ajili ya mfungwa mmoja?" akasema Waziri wa Vita. "Fundi wa mapaa?"

"Si kwa ajili yake tu. Kesho atakuwa mwingine."

Shambiro hakucheka. Alikuwa mwanamke wa haki kwa kiasi ambacho kanuni zilimruhusu. "Mheshimiwa Jaji," akasema, "wageni walikipenda Kizarkhu kwa sababu ni lugha ya watu wasiosamehe. Mfalme akianza kuachia watu, atafanana na sisi." Akanigeukia. "Msifiaji?"

"Nzuri mno," nikasema, bila kumtazama Jaji.

Nilipompa Bi Tuneka habari hizo aliendelea kukata vitunguu. Vikaisha vyote, naye akaendelea kukata ubao.

"Haya," akasema mwishowe. "Kama Baraza limekataa, tuwaendee wenye midomo."

Wa kwanza alikuwa mtungaji mwenyewe, Lufingo. Tulimkuta kwenye mashine ya kusaga nafaka amekaa juu ya gunia, macho amefumba, unga umemtapakaa kichwani. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi: alisikiliza mashine, mnyororo mkavu wa baiskeli, ngamia anayegoma, mtu anayekoroma, kisha akageuza sauti hizo kuwa lugha ya wafalme.

"Nilitaka iwatishe watoto kidogo, wakati wa tamthilia tu," akatuambia kwa uchovu. "Sasa mke wangu akiniambia chakula tayari, ananiambia maiti zimepangwa mezani. Sauti naweza kukupa, Bi Tuneka. Kutoa sauti ndiyo kazi yangu. Lakini maana haiko kwangu. Maana iko kwa mfalme na kamera. Mfalme asipomfungua mtu hadharani, sauti yangu itakuwa kikohozi tu."

"Toa sauti. Mfalme niachie mimi."

Lufingo akasikiliza mashine ikizimwa. Ilikata pumzi, ikatetemeka, ikatulia. "Ghazrumthol," akasema polepole. "Hiyo hapo. Nzuri, ee?"

"Nzuri mno," nikasema, kwa mazoea.

Mfalme wa Zarkhu, jina lake la nyumbani Dendego, alikuwa mtu mnene mwenye magoti mabovu, na ndevu ndefu za kubandika alizokatazwa kuzivua hata chumbani. Ndevu zile zilikuwa mali ya umma. Zilikaguliwa kila wiki. Tulimkuta jikoni kwake, ambako angalau aliweza kulalamika.

"Chini ya hizi," akatuonyesha kwa kidole, "ni vipele vitupu. Nikienda dukani kununua kiberiti, muuzaji anapiga magoti. Nikimwambia inuka, hakuna neno la inuka. Tunabaki hivyo mpaka aje mteja mwingine."

"Na tamthilia ikiisha?" nikauliza.

"Ikiisha, ndiyo basi tena. Nani wa kuniondoa kwenye ufalme? Hakuna neno la kumwondoa mtu akiwa hai. Nitazikwa na ndevu hizi."

Bi Tuneka akavuta kigoda akaketi mbele yake. "Kaka Dendego. Katika kipindi cha mwisho unamhukumu msaliti, si ndivyo?"

"Namkata kichwa. Kisha natembea kwenye moto."

"Usimkate. Mfungue minyororo, useme ghazrumthol, aende zake."

Dendego akashika ndevu kwa mikono miwili. "Dada, wataniua!"

"Si unatembea kwenye moto hata hivyo?"

"Ule moto wa taa, mama! Sio moto!"

"Sikiliza. Mume wangu amekaa mle kwa sababu mdomo wako haukuwahi kusema neno moja la kibinadamu. Umesema kata, umesema choma, umesema piga. Watu milioni ngapi wanatazama mdomo huo! Nami siombi ukalivunje gereza. Nakuomba umwambie mtu mmoja aende kwao. Mfalme mzima, linakushinda hilo? Muuza mkaa wa mtaani kwangu anaweza."

"Muuza mkaa hana kamera usoni."

"Basi tumpe yeye ndevu."

Akazipapasa ndevu. Nadhani ni lile la ndevu lililomwingia. Neno la kumwachia mtu likipatikana, si Songoro peke yake angelihitaji.

"Lisemeni tena," akasema kwa sauti ndogo. "Ghaz... nini?"

Siku zile zote za katikati alilifanyia mazoezi akiwa amefunika uso na kitambaa cha meza. Alikuwa analiweza vizuri.

Siku ya kipindi cha mwisho nchi nzima ilifungwa. Mimi nilikalishwa kwenye kiti changu cha usifiaji ndani ya studio, upande wa Waheshimiwa. Nyuma ya kamera, kwenye mlango wa mgahawa, nilimwona Bi Tuneka amesimama na mwiko mkononi. Tukaanza. Mfalme akatamka maneno saba ya Waziri wa Vita, na vikosi saba vikapita, kila kimoja kikitembea kwa madoido yake. Cha mwisho kilitembea kinyumenyume na kugonga nguzo. Zulia likatamkwa, likakunjwa, likatamkwa tena. Waheshimiwa walikuwa wanaandika kwa kasi.

Kisha akaletwa msaliti. Alikuwa mwigizaji mdogo asiyejulikana, aliyefanya mazoezi ya kufa mwezi mzima na ndugu zake wote walikuwa wamekuja kumtazama akifa. Akapiga magoti. Mfalme akainua upanga.

Akaushusha. Akainama kwa shida, magoti yakalia, akashika minyororo na kuifungua.

Dendego akafumbua kinywa. Nikaona macho yake yakienda juu, kushoto, kulia, na nikajua, kama mtu aliyesimama mbele ya watu miaka mingi anavyojua, kwamba neno limemtoroka. Alitweta. Akamtazama Lufingo, na Lufingo alikuwa amejifunika uso. Akamtazama yule kijana aliyepiga magoti mbele yake. Na kwa sauti ambayo taifa lile halikuwahi kuisikia, sauti ya mtu mzima mwenye magoti mabovu, mfalme wa Zarkhu akasema:

"Basi. Nenda kwenu."

Kijana hakujua la kufanya. Hakufundishwa kuishi. Akatazama huku na huku, akaokota minyororo yake, labda kwa kuogopa itakatwa kwenye ujira wake, akainama kidogo kwa adabu, akatoka mlangoni. Kamera ikamfuata mpaka alipopotelea mtaani.

Kikao cha dharura kilianza kabla taa za studio hazijapoa.

"Lugha ya jikoni!" akafoka Waziri wa Vita. "Hewani! Mfalme amekosea!"

"Mfalme hakosei," akasema Shambiro. Alikuwa amekauka kama karatasi. "Chafya yake ni sheria. Tukisema leo amekosea, nani atatuambia hakukosea aliposema maneno yako saba?"

"Lakini hayo si Kizarkhu! Hata mpishi anayasema!"

"Kifungu cha kwanza: ametamka, hewani. Kifungu cha pili: picha ilionekana." Jaji Kirumbi alikuwa amesimama bila kuomba ruhusa. "Mtu alifunguliwa, akaenda."

Wakabishana mpaka makoo yakakauka. Mwishowe, kama nilivyohofia na kutamani, macho yote yakanigeukia. Maana Tawamba kitu hakijulikani uzuri wake mpaka aje mtu wa mbali.

"Msifiaji wa Kigeni," akasema Shambiro. "Wewe umezisikia lugha zote. Maneno haya matatu umeyasikiaje?"

Nikasimama. Nimesema uongo mwingi maishani, tena kwa kipaza sauti. Nimewawekea maneno midomoni watu ambao hata majina yao sikuweza kuyataja. Lakini sikuwahi kuuona uongo ukiwa na uzito wa mtu mzima aliyekaa kwenye mkeka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "tangu nifike nchi hii nimesifia mengi. Leo ndipo nimeshtuka. Maneno haya matatu yanapita yote mliyonayo. Yana ukali wa ajabu! Mfalme alipoyatamka, miguu yangu yenyewe ilitaka kunyanyuka. Kwetu hatuna maneno kama hayo."

Mungu anisamehe.

"Hamna?" Waziri wa Vita akaniuliza, kifua kikianza kupanda.

"Hatuna. Wenzangu watayaonea wivu."

Wakatazamana, kama walivyotazamana siku ile wageni walipokuja na kamera. "Kweli yana ngurumo fulani," akasema Waziri wa Sherehe. "Basi! Unalisikia lile B?" Na Waziri wa Vita, kwa sauti yake kubwa, akajaribu: "Nenda! Nenda!" Akapendezwa. Yakaandikwa.

Jaji Kirumbi hakungoja wino ukauke. Akafunga mapande yake ya chuma, tukamfuata gerezani, mimi, Bi Tuneka na askari wawili wa lugha, wale wawavishao pembe ya bati wanaosema lugha ya jikoni hadharani, maana hukumu lazima ishuhudiwe. Kamba ya katani ikafunguliwa. Jaji akasimama wima mbele ya mkeka na kutamka kwa heshima zote:

"Basi. Nenda kwenu."

Songoro hakunyanyuka.

Wafungwa wa Tawamba hawaonyeshwi tamthilia. Yeye alichokiona ni jaji aliyevaa chuma, kwenye hukumu halali, akisema lugha ya jikoni mbele ya askari. Na hilo kwake halikuwa na jina jingine ila mtego: ukitii, umetoka bila neno, ukitoka bila neno, wewe mtoro. Akashika nguzo ya mlango kwa mikono yake mikubwa.

"Jaji," akanong'ona, "hata wewe?"

Jaji akafumbua kinywa amweleze. Hukumu ilikuwa bado wazi na askari wamesimama na pembe zao za bati. Hakuwa na neno la kueleza. Akarudia kwa nguvu zaidi: "Basi! Nenda kwenu!" Kadiri alivyopaza sauti, ndivyo mwenzake alivyoikumbatia nguzo. Kisha kwikwi ikamshika. Ikawa ni jaji anaguta, mfungwa anapiga kwikwi, na mimi, mtafsiri wa lugha zote za dunia, nimesimama sina la kusema.

Bi Tuneka akatupita sote. Naye pia alikuwa na yale matatu tu. Akamwinulia Jaji kiganja.

"Basi," akamwambia, na Jaji akanyamaza.

Akamgeukia mumewe, mkono mmoja kiunoni. "Nenda," akasema, na mwiko ukaonyesha mlango. Hakuguta. Alisema kama anavyosema na mtu aliyekuja jikoni kudokoa nyama chunguni kabla haijaiva. Songoro akaigeuzia sauti ile kichwa. Ile hakuna baraza lililowahi kuiandika, na hakuna askari anayeweza kuiigiza. Mikono ikalegea kwenye nguzo.

"Kwenu," Bi Tuneka akamaliza, na mwiko ukashuka.

Songoro akainuka. Akajipangusa vumbi, akalikunja shati lake la pili kwapani, akainama akalichukua na bao. Jaji Kirumbi akanyoosha mkono kusema kwamba bao ni lake. Akakosa neno.

Tulipotoka nje wakaanza kugombana, wote wawili, kwa lugha ya jikoni, katikati ya barabara. Mke anauliza kwa nini mume amekonda, mume anauliza aliyenenepa gerezani ni nani. Watu wakafungua madirisha. Askari wa lugha alikuja nyuma yao na pembe yake ya bati mkononi, akawafuata hatua chache, akapunguza mwendo, kisha akasimama, akawasikiliza.

"Na paa linavuja," Bi Tuneka akasema.

"Upande gani?"

"Upande wangu wa kitanda."

"Sasa wewe unalala wapi?"

"Upande wako."

Songoro akawaza kidogo, kama fundi anayepima kazi.

"Basi siliezeki," akasema.